Kijiti Nilichomfutia Fundichuma

Usiku wa jana niliota fundichuma ameingia kliniki kwangu bila kuchukua namba, akawapita wagonjwa wote kwenye benchi, akapanda kwenye kiti changu cha kung'olea meno na kuachama.

Kwa asiyemjua, fundichuma ni ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, na hujenga kiota kikubwa kupita mahitaji yake. Mimi namjua. Jumanne nilimpiga picha kule kijitoni, nyuma ya miamba, na tangu Jumanne hiyo sijaacha kujisifu.

"Kuna kitu kimetoka mdomoni," akasema.

"Jino?"

"Daktari, mimi ni ndege."

Nikavaa glavu, nikawasha taa, nikachungulia. Mdomo ulikuwa mzima, hauna harufu. Lakini katikati palikuwa na pengo jembamba la hewa, limepinda, na kidole changu kilipopita hapo hakikugusa kitu wala hakikutokea upande wa pili.

"Hapo ndipo kilipokuwa kijiti changu," akasema.

Moyo ukaanza kunidunda. Nakiri haukudunda kwa aibu peke yake. Ulidunda kwa furaha pia, maana katika miaka sita ya kupiga picha ndege, sijawahi kumpata mmoja akakaa karibu namna hiyo, kwenye taa nzuri namna hiyo.

Hapa lazima nieleze. Sisi ni kundi la watu kumi na tisa mjini Singida, tunaitwa Jicho la Singidani. Tunapiga picha za ndege, wanyama na safari zetu, tunatumiana kwenye simu, tunasifiana na kutaniana, basi. Mpinga, dereva wa lori, hutuletea twiga waliokatiza barabara mbele yake. Mwalimu Njiku, aliyestaafu kufundisha jiografia, ndiye aliyeanzisha kundi, na ndiye aliyeandika kanuni. Ya kwanza: usitaje kiota kilipo. Ya pili: usimkaribie ndege kuliko kivuli chako. Ya tatu aliiandika kwa herufi kubwa: USIONGEZE, USIPUNGUZE.

Picha yangu ilikuwa safi kila mahali isipokuwa mdomoni. Fundichuma alikuwa amebeba kijiti kilichopinda, na kwenye kijiti kilikuwapo kipande cha rambo la buluu, mfuko wa plastiki wa enzi zile kabla haijapigwa marufuku, kinampepea usoni kama bendera ya chama kisicho na wanachama. Mimi kazi yangu ni kuondoa kisichotakiwa. Nikakifuta kijiti kwa kidole kwenye simu, sekunde nne, nikaituma picha. Kundi likalipuka. Mwalimu Njiku akaandika, "Daktari, hii ndiyo ya jalada la kalenda yetu!" Nikamjibu kwa kile kiuso kinachocheka.

"Kilikuwa kijiti cha mlangoni," fundichuma akaendelea. "Mke wangu yumo ndani na mayai manne. Mvua inanyesha saa kumi kamili. Bila kijiti cha mlangoni maji yanaingia. Sasa hivi saa ngapi?"

Nikatazama ukutani. Saa ya kliniki ikajibu yenyewe, "Saa nane na robo, na msiniingize kwenye mambo yenu."

"Umekiweka wapi?" ndege akaniuliza.

"Nimekifuta."

"Nimesikia. Umekifuta kwenda wapi?"

Nikavua glavu.

Tunatoka kwenda kukitafuta. Kivuli changu kinatangulia, kwa sababu ya kanuni ya pili. Kinatembea bega kwa bega na fundichuma, kinamuuliza habari za nyumbani, wanacheka. Mimi nafuata hatua tano nyuma kama mbeba mizigo. Nafungua mlango wa kliniki, na nje hakuna barabara. Kuna stoo ndefu isiyo na mwisho.

Humu ndimo vinamokuja vitu vyote vilivyofutwa kwenye picha. Nyaya za umeme zimekunjwa mafungu mafungu. Kuna magari ya watalii, vidole gumba vilivyoziba lenzi, mbuzi waliojipitisha mbele ya machweo. Kwenye kona amesimama mzee mmoja wa suti ya krimu, ameshika chupa ya soda.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Mimi nilikuwa kwenye picha ya harusi," akasema. "Mwaka elfu mbili na tisa. Nilisimama kushoto kwa bibi harusi."

"Na soda haijaisha?"

"Nainywa kidogo kidogo. Sijui nitakaa hapa mpaka lini."

Jamani, nilisisimka! Hakuna mtu katika kundi letu aliyewahi kuleta picha ya mahali kama pale. Nikainua kamera iliyoning'inia shingoni.

"Usinibonyeze," kamera ikasema. "Wewe ukiona kitu unakipunguza."

"Hiki nitakiacha kama kilivyo. Haki ya Mungu."

"Hata Jumanne ulikuwa na nia njema," ikasema, ikafumba jicho.

Mtunza stoo alikuwa stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu. Alitueleza kwamba angetukaribisha tukae lakini yeye mwenyewe hajawahi kukaa, kwa hiyo hana viti. Fundichuma akamweleza shida yake. Stendi akazungusha kichwa pole pole mpaka kikakwama mahali panapotakiwa.

"Rafu ya nne. Vya Jumanne."

Nikakiona. Kijiti kimelala juu ya waya wa umeme, rambo lake la buluu linapepea ingawa hapakuwa na upepo. Nikanyoosha mkono, na rafu ikapanda juu. Nikapanda kwenye ndoo, rafu nayo ikapanda tena.

"Hakitoki hivyo," stendi akasema. "Aliyekifuta anasimama mbele ya kundi lake na kusema: nilipunguza. Wakishasikia, kinatoka chenyewe. Hatuna fomu."

Akasogeza pazia. Nyuma ya pazia walikuwa wamekaa wenzangu wote kumi na wanane, kila mmoja na kalenda mapajani, kila kalenda ina ndege wangu kwenye jalada. Mwalimu Njiku akapandisha miwani.

"Daktari, ulitaka kusema jambo?"

"Ndiyo, Mwalimu." Nikavuta pumzi. "Asanteni sana kwa pongezi."

Wakapiga makofi. Fundichuma akanitazama. Nikajaribu mara ya pili, nikajisikia nikisema kwamba mwanga wa asubuhi ile ulikuwa mzuri sana. Mara ya tatu niliwashukuru wazazi wangu. Makofi yalizidi kila mara, na kila mara rafu ilipanda. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini nitasema kweli sasa kwa kuwa wakati ule sikuisema: nililitaka lile jalada kuliko nilivyotaka kumsaidia ndege.

"Saa tisa na dakika hamsini," ikasema saa ya kliniki, ambayo kumbe ilitufuata. "Sisemi zaidi."

Fundichuma hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza. Alisema tu, "Basi tafuta chochote chenye urefu kama ule."

Nikapekua mifuko ya koti langu jeupe. Risiti, pamba, pipi ya watoto wasiolia. Kisha nikaupata mswaki wangu wa kijani wa nyumbani, ule ambao mpini wake umejaa alama za meno yangu, kwa sababu huwa nautafuna nikiangalia picha. Ni tabia ninayowakataza wagonjwa kila siku.

Fundichuma akaupima kwa jicho moja, kisha kwa la pili.

"Unatosha. Lakini ni wa kuazima. Siku utakaposema, nitaurudisha."

Akanishika ukosi wa koti na tukaruka.

Tunaruka! Chini yetu ziwa Singidani linang'aa, miamba imekaa kama mikate iliyoanikwa, mashamba ya alizeti yametugeuzia nyuso yote kwa pamoja. Napiga kelele kama mtoto kwenye bembea. Kivuli changu kinakimbia chini, kinaruka mifereji, kinapunga mkono. Wingu jeusi linakuja nyuma yetu, na mimi sijali, nacheka tu. Kisha nakiona kiota, kikubwa kuliko meza yangu ya kulia chakula, kwenye mti wa...

Mdomo wangu ukajaa manyoya. Kanuni ya kwanza. Nikayatema, nikajaribu tena kusema ni mti gani, yakajaa mengine.

"Ukiendelea utabaki na manyoya kuliko mimi," fundichuma akasema.

Tuliingia kwa kutambaa. Ndani kuta zimesiribwa kwa tope laini, kuna harufu ya kijito, na mayai manne yamelala gizani, meupe. Miaka sita nimetamani kujua ndani ya kiota kile kukoje! Mkewe fundichuma alikuwa ameyakalia nusu.

"Karibu. Viatu," akasema.

Nikavua.

"Huyu ndiye aliyefuta?"

"Ndiye," mumewe akajibu.

"Mbona mfupi." Akaunusa mswaki. "Na hii harufu?"

"Mnanaa, mama," nikasema. "Dawa ya meno."

"Haya. Watoto watazoea."

Fundichuma akauchomeka mswaki juu ya mlango, akaugonga mara mbili kwa kichwa. Saa kumi kamili mvua ikashuka kwa kishindo. Maji yakaja mpaka mlangoni, yakafika kwenye nywele za mswaki, yakagawanyika, yakadondokea nje. Hakuna tone lililoingia. Nililia kwa furaha, na mkewe fundichuma akaniomba nilie upande ule mwingine, mbali na mayai.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, na nje ardhi ilikuwa imelowa. Nikaenda bafuni nikicheka peke yangu. Glasi ilikuwa na dawa ya meno tu. Mswaki haukuwamo. Nikatafuta chini ya sinki, nyuma ya mlango, kwenye koti. Naishi peke yangu, hakuna wa kumsingizia.

Simu ikalia, ikalia tena, ikaendelea kulia. Ni kundi. Mwalimu Njiku alikuwa ametuma picha saa kumi na mbili na dakika nne asubuhi: kiota cha fundichuma baada ya mvua, kimepigwa kwa mbali, na juu ya mlango wake umechomoza mswaki wa kijani. Chini ameandika, "Nimekuta hivi. Sijaongeza, sijapunguza."

"Mwalimu, hata wewe?" Mpinga alikuwa amejibu.

"Shikamoo Mwalimu," mwingine akaandika. "Samahani, lakini huo mswaki umebandikwa. Mwanga wake haulingani."

"Kanuni si uliandika mwenyewe?"

"Jamani wanangu, nina miaka sabini na moja, huko kubandika ningejulia wapi?" Mwalimu akaandika. Na baada ya hapo, "Kama hamniamini, nitajitoa. Kundi nawaachia."

Nikaivuta picha kwa vidole viwili mpaka mpini ukajaa kwenye kioo. Alama za meno zilikuwapo. Mimi hutazama meno ya watu kutwa nzima, siwezi kukosea yangu.

Safari hii maneno yalitoka yale yale niliyoyakusudia. "Shikamoo Mwalimu. Usijitoe. Hujaongeza kitu, huo mswaki ni wangu. Aliyevunja kanuni ni mimi. Jumanne fundichuma alikuwa na kijiti mdomoni, nikakifuta ili picha ipendeze. Nilipunguza. Picha yenyewe hii hapa. Jalada apewe mwingine."

Nikautuma ujumbe, pamoja na picha ya kwanza, yenye kijiti na rambo la buluu linalopepea.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikiwa nimeishika simu kwa mikono miwili.

"Marahaba, Daktari," Mwalimu Njiku akaandika mwishowe. "Jalada tutalijadili. Ila kwa macho yangu, hii ya kijiti ndiyo nzuri. Yule ndege alikuwa kazini, na wewe ukamfanya kama anapigwa picha ya pasipoti."

"Mwalimu, nisamehe bure," Mpinga akaandika. Kisha akaniuliza mimi, "Lakini Daktari, mswaki wako umefikaje huko?"

"Kanuni ya kwanza, ndugu yangu," nikamjibu. "Mambo ya kiota hatutaji."

Wakati huo huo kitu kikagonga glasi bafuni, mara moja, taratibu. Nikaenda. Mswaki wa kijani ulikuwa umesimama kwenye glasi yake, nywele zimejaa tope la kijitoni, na dirisha dogo la juu lilikuwa wazi. Leo nimepiga mswaki kwa kidole.