Msiniite Roboti

Pale kiwandani walimwita Annah Nabiswa roboti, na kwa muda mrefu alilipenda jina hilo. Aliyempa ni Matheka, msimamizi wao, kwa kuwa hakuna aliyeshona mikono ya mashati haraka kama yeye. "Roboti yangu haichoki," Matheka aliwaambia wageni, naye Annah akitabasamu bila kuinua macho.

Jumapili moja, nyumbani kwao mtaa wa Fedha, mdogo wake Vivian alikuwa akihangaika na kazi ya chuo: achague neno moja la Kiingereza la kiteknolojia, aeleze lilikotoka.

"Si uchukue robot," Annah alimwambia huku akikatakata sukuma wiki. "Ndilo jina langu kazini."

Vivian akatafuta kwenye simu. Akasoma kimoyomoyo.

"Soma basi nisikie!"

"Limetoka Kicheki. Robota. Ni kazi ya lazima, ile wakulima walifanyishwa bure na wenye ardhi. Na ukirudi nyuma zaidi unafika kwa neno la kale, rab. Mtumwa."

Kisu kikatulia mkononi mwa Annah. Alimkumbuka babu yao kule Bungoma, alivyosimulia askari wa chifu walivyomtoa shambani mwake enzi za mkoloni wakampeleka kuchimba barabara. Mpaka anakufa, babu hakukubali kupita barabara ile. Alizunguka kupitia mashamba ya watu, hata mvua ikinyesha.

"Andika," alisema. "Andika yote."

Jumatatu saa nne, kengele ya chai haikulia.

"Oda imechelewa, leo hakuna chai!" Matheka alitangaza. "Roboti, hebu waonyeshe wenzako!"

Annah akazima mashine, akasimama.

"Mimi naitwa Annah."

"Si nakusifu? Sasa umekasirikia nini?"

"Hilo neno ni la mtu anayefanyishwa kazi kwa nguvu. Mimi niliomba kazi hapa, sikukamatwa. Naenda kunywa chai."

"Ukitoka, usirudi kwa hiyo mashine!"

"Sawa."

Alitoka. Nyuma yake akasikia mashine ya Awiti, jirani yake, ikizimwa. Kisha nyingine. Kisha nyingine.

Hawakumfukuza, ila walimhamishia kwenye meza ya kukata nyuzi, kazi ya wanaoanza. Alizikata akiwa ameinua kichwa. Kesho yake saa nne ilipofika tena bila kengele, wote walisimama. Matheka alibaki katikati ya mashine akijaribu kuwaita warudi, mmoja mmoja kwa jina, na majina mengi hakuyajua.