Usingizi wa Mzee

Mama mkwe aliweka kigoda kwenye mlango wa chumba cha mzee akakikalia kama askari. Karakana yetu nzima hapo nyumbani ilinyamaza kwa amri yake: msumeno umezimwa, randa imelazwa, na mume wangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, ananyata juu ya maranda kwa kumwogopa mama yake.

"Baba yenu kalala," alininong'oneza, uso umemchanua. "Tangu gogo limponde mguu, leo ndiyo kwanza namsikia akikoroma."

Nilikuwa na brashi ya vanishi mkononi. Nilifurahi na mimi, nisiseme uongo. Mguu ule ulimpokonya mzee usingizi na utani wake wote, na morfini ya maji aliyopewa hospitali ilimtuliza kidogo tu. Jana mama alimpeleka kwa daktari mwingine, wa mishipa ya fahamu, wakarudi na vidonge vipya.

Lakini kukoroma kule hakukunikaa vizuri. Kulikuja, kukakatika. Nikangoja mkoromo urudi, nikangoja, mpaka kifua changu mwenyewe kikabana.

"Mama, nipishe nimtazame."

"Ukimwamsha, mimi na wewe tutakosana."

Basi tukosane. Nilimsukuma, kigoda kikapinduka. Mzee alilala chali, midomo imegeuka rangi ya majivu. Nikamwita, nikamtikisa, nikampiga makofi mashavuni, baba mkwe wangu huyo! Hakufumbua jicho.

"Njoo umbebe baba yako!" nilimpigia kelele mume wangu.

Katika zahanati, muuguzi alimfunika mzee barakoa ya hewa akaanza kuminya mfuko wake, huku daktari wa zamu akimfunua kope. Mboni zilikuwa zimesinyaa, zimebaki vitone.

"Katumia dawa gani?"

Mama mkwe akatoa vidonge vipya. "Hivi tu."

"Mama! Na morfini je?"

Aliniminya mkono mpaka nikaumia. "Nyamaza! Jana mzee alimwapia yule daktari wa mishipa kwamba hanywi dawa nyingine. Wakijua, watamnyang'anya chupa yake, na maumivu yatamla mzima mzima."

Damu ilinichemka. Mtu anakata roho, sisi tunaficha chupa!

"Anakunywa morfini," nilimwambia daktari.

"Leo kanywa? Kiasi gani?"

Hilo nilikuwa silijui. Aliyejua ni mmoja, naye alikuwa ameinamisha kichwa. Muuguzi aliendelea kuminya mfuko, kifua cha mzee kikipanda kwa pumzi za kuazima.

"Mama, sema," mume wangu alimsihi.

"Nimempa mimi," alisema hatimaye. "Dozi yake, na vidonge juu yake. Alikuwa bado anaugulia, nikamwonea huruma, nikamwongezea morfini."

"Kila moja ina kazi yake," daktari alisema huku akivuta dawa kwenye sindano. "Lakini zikikutana bila daktari kujua, mgonjwa husahau kupumua. Hii itazima nguvu ya morfini. Na nafuu yake itaondoka nayo."

Alichoma. Tukakikodolea macho kifua cha mzee.

Mzee akavuta pumzi ndefu, yake mwenyewe. Akafumbua macho, akaushika mguu, akapiga ukelele uliofika barabarani. Mama mkwe akapiga magoti kando ya kitanda, akamkumbatia kichwa, machozi yanamtiririka.

"Lia, mzee wangu," alimwambia. "Lia, nakusikia."