Ndoana Yenye Kijino

Tangu mto ulipojaa, Marlys Tveit alikuwa hatulii. Asubuhi hiyo alivisugua kwa siki na chumvi vijiko vya shaba visivyo na mpini, akavisuuza, akavisugua tena ingawa vilikwisha kung'aa. Ndivyo vyambo ambavyo samaki samoni huvikasirikia na kuvirukia, na kichwachuma naye, yule trauti aendaye baharini akarudi mtoni. Alibadilisha vipete vya kushikia ndoana vilivyoshika kutu, akanoa kila ndoana kwa tupa mpaka ncha ikakwama kwenye ukucha. Mwisho akashika koleo na kukandamiza kijino cha kila ndoana, kile kinachomzuia samaki asichomoke, maana kwenye mto ule sheria inataka samaki wa asili aweze kuchomoka aende zake. Ndoana moja aliisahau, kwa sababu alikuwa ameinuka tena kwenda dirishani.

Mto ule ndio uliomchukua mdogo wake, Orrin. Duane Kessler, mwenye boti za kupeleka wageni kuvua, alimpeleka kazini mtoni siku ambayo maji yalikuwa ya rangi ya matope na hakuna mwenye akili aliyeshusha boti. Duane alirudi peke yake. Akauambia mji mzima kwamba Orrin kaacha kazi, kapanda basi, kaenda Alaska, na mji ukaona heri uamini, kwa kuwa nusu yake inakula kwa Duane. Marlys hakuamini, mtu haendi Alaska akamwacha mbwa wake. Alitaka jambo moja tu, Duane aseme mbele ya watu kwamba Orrin alizama.

Mchana alishuka ukingoni kuona kama vijiko vinacheza sawasawa majini. Kile chenye ndoana aliyoisahau kilishika kitu kizito kisichopigana. Akavuta taratibu, na Orrin akatoka majini akitembea, ndoana imemshika mkono wa sweta.

"Nimenaswa na ndoana zako msimu mzima, nachomoka tu," akasema. "Hii mbona ina kijino, dada?"

"Nimesahau."

"Uzee huo."

Marlys akalia kidogo, akaichomoa ndoana, akampa taulo. Halikusaidia kitu, Orrin aliendelea kuchuruzika. Akamshika mkono wakaenda moja kwa moja mkahawani, kwa sababu alitaka aonekane. Bernadine, mwenye mkahawa, akawawekea biskuti, vile vimkate laini vya kuoka, na mchuzi wa soseji, kisha akasukuma ndoo chini ya kiti cha Orrin.

"Enhe, Alaska vipi?"

"Sikufika, Bernadine. Nilizama na boti ya Duane."

"Pole, jamani. Kahawa utakunywa?"

Duane aliingia akimtafuta Marlys, achukue vijiko alivyomwagiza kwa ajili ya wageni. Marlys akasimama, akakaa, akasimama tena. Sasa ushahidi ulikuwa umeketi pale unakula biskuti.

Duane akamtazama Orrin kuanzia kichwani hadi kwenye ndoo, kisha akawageukia watu. "Si niliwaambia? Huyo karudi."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kweli, alikuwa amewaambia kwamba yu hai.

"Sikuenda popote," Orrin akasema. "Nilikuwa chini ya daraja."

"Haya, ulikuwa chini ya daraja. Yaliyopita si ndwele. Kesho nina wageni wanne na maji yanapanda. Alfajiri uwe umefika, usinichezee."

Marlys aliona giza kwa hasira. "Sema alizama, Duane! Sema tu, wasikie!"

"Nani kazama? Huyu anayefakamia biskuti?"

Mtu mmoja akacheka, wengine wakainamia sahani zao. Wengi walikuwa na zamu kwa Duane kesho yake. Marlys alimtazama kila mmoja, na alipoona hakuna wa kumwinulia macho, akaomba kile alichodhani hakinyimiki.

"Basi safari hii mpe jaketi la kuokolea."

Duane akafikiri, maana hakuwa mtu wa kukataa bila kufikiri.

"Ninayo manne, ya wageni," akasema. "Halafu yeye la nini tena?"

Orrin akasema hilo nalo ni kweli, akamwomba Bernadine amwongezee kahawa.