Libanga ya Mama Monique

Wimbo wetu wa kwanza unaitwa "Maji Imepanda", na usiniulize kama unachezeka ku harusi. Hauchezeki! Ni roki nzito: gitari yangu inakwaruza, Blanchard anaponda ngoma, Ghislain anaimba mpaka mishipa ya shingo inasimama. Tuliutungia ziwa, lile lililopanda polepole likaingia nyumba yetu ya zamani, likakaa mu saloni kama mugeni asiyejua kuaga.

Mama yangu, Mama Monique muuza ndagala, alisikia tu kwamba wimbo utapigwa ku radio akauliza: "Chancelle, mutanitupia libanga?"

Hapa kwetu mwanamuziki asipotupa libanga, asipoita majina ya watu katikati ya wimbo, wanaona amewanyima salamu. Mimi nikaja juu. "Mama, hii ni roki! Hatuimbie wakubwa wenye magari!"

"Mimi niko na gari gani?" akasema, akarudi kugeuza samaki wake.

Nilijifanya sikusikia. Kumbe alishaambia wamama wote wa ufukweni kwamba jina lake litaitwa.

Siku ya radio, muchana, ziwa lilikuwa limelala, jeupe, hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Wamama walikaa ku muchanga kati ya ndagala zinazong'aa. Gitari yangu ikaanza ku radio. Ajabu, pale nje ilikuwa laini, ilielea juu ya samaki kama moshi. Mama akafumba macho akingojea jina lake. Mimi nilijua halimo. Kabla wimbo haujaisha, umeme ukakatika muji muzima, radio ikanyamaza.

"Jina yangu ilikuwa pale mbele," Mama akawaambia. "Umeme ndio imeikula."

"Eeh, umeme mubaya!" wakaitikia, na hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Nilitamani muchanga unimeze.

Kesho yake nikaenda studio kwa Hénoc, fundi wetu wa sauti. "Nifungulie mikro," nikamwambia, "pale gitari inalia peke yake."

"Dada wa roki, leo unatupa libanga?" Ghislain akanichokoza.

"Funga kinywa, wewe!"

Libanga inataka jina kamili. Nikajaribu: "Monique..." Ulimi ukakataa. Tangu nizaliwe sijamwita hivyo. Nikafumba macho, na maji ya siku ile ziwa lilipoingia nyumba yetu yakarudi: mimi juu ya meza, yeye ndani ya maji mpaka kiunoni, gitari yangu juu ya kichwa chake, magunia yake ya ndagala yanaelea yanaenda zao, hata hayaangalii nyuma. Nikapiga kelele kama nilivyopiga siku ile.

Waliporudia wimbo ku radio, ziwa lilikuwa bado jeupe. Nilisimama nyuma ya Mama pale ufukweni. Gitari ikabaki peke yake, kisha sauti yangu ikatoka:

"Mamaaaa!"

Ufukwe muzima wakanyoosha migongo. "Eeh!" wakaitika wote, kila mumoja akitafuta mutoto wake kwa macho.

Mama yangu hakutafuta. Alitupa ungo, akakunja kikwembe juu ya magoti, akakimbia moja kwa moja mu maji, kule nyumba yetu ilikokuwa.

"Nakuja, Chancelle! Usiogope, nakuja!"

"Niko hapa, Mama," nikasema, lakini radio ilikuwa na sauti kunishinda.