Mstari kwenye Mlango wa Kabati

Enzi za kiwandani, Katibu, wakati huo katibu wa chama cha wafanyakazi, ndiye aliyewaongoza wenzake kugoma siku mwajiri alipomtwika mfanyakazi kosa la mashine. Cheo kile kikamganda kama jina, na hasira nayo ikamganda. Hata rangi ya tai ya yule bwana hajaisahau.

Sasa ana karakana yake, mashine ndogo ya mezani ya kuchonga na kutoboa chuma, na ndugu wa mkewe wa kuiendesha. Mashine ina ugonjwa mmoja: nguzo yake ni ya duara, ukiinua kichwa kubadili keekee, kinageuka kama shingo ya mlevi. Katibu akaibunia dawa. Alifunga kijitaa cha leza ubavuni mwa kichwa, kimulike hadi mwisho wa chumba. Ukuta wa huko plasta yake mawimbi matupu, basi mstari akauchora kwenye mlango wa kabati la chuma. Ukishainua kichwa, unakigeuza mpaka nukta nyekundu irudi mstarini. Kazi inaendelea.

Juzi kifuniko cha pampu ya mteja kiliharibika. Asubuhi shemeji alitoboa tundu dogo. Baada ya chakula akainua kichwa, akarudisha nukta mstarini, akashusha keekee nene alipanue. Tundu likaenda kombo, mwenye pampu amesimama pale pale.

"Macho umeyaweka rehani wapi?" Katibu alifoka. "Mikono hiyo ikakande unga!"

"Nukta ilikuwa mstarini, shemeji."

"Nukta haidanganyi. Wewe je?"

Shemeji akavua aproni, akaondoka bila kuaga.

Leo Katibu alijaribu mwenyewe kwenye kipande chakavu. Tundu dogo, kichwa juu, nukta mstarini, keekee chini. Likakaa sawasawa!

"Si nilisema?" akajiambia, akajibwaga kwenye kiti chake kando ya kabati, akanyoosha miguu kwa raha zake. Chini ya visigino vyake akaona alama za kutu sakafuni, pale miguu ya kabati ilipokuwa ikikaa siku zote.

Ni nani aliyelisukuma kabati juzi saa ya chakula, ili bwana mkubwa apate pa kunyoosha miguu? Lo! Alichopungukiwa ni tai tu.

Akalikumbatia kabati alirudishe upesi. Nani atajua?

"Unahama?" Mkewe alikuwa mlangoni. Nyuma yake shemeji, aliyefuata spana zake. Kesho anaanza kazi kwingine.

Katibu akaliachia kabati. "Nililisogeza mimi. Mchana ule, ukiwa unakula. Hukukosea, shemeji."

Shemeji alizitazama zile alama. "Kwamba sikukosea nilijua. Mwenye pampu ndiye hajui."

Mkewe akachukua funguo, akasubiri watoke afunge.

Walimkuta mwenye pampu uani kwake, anapiga soga na majirani. Katibu akainamisha uso, akasema lile la kabati.

"Sikusikii," alisema mwenye pampu, akawanyamazisha majirani kwa mkono. "Hebu sema tena."

Ikabidi aseme tena.