Posa Bila Meno

Kazi yangu ni kuosha vyombo. Nalisema mapema kwa sababu mtaani kwetu Barani wananiita daktari, nami huitikia. Sijawahi kumwambia mtu kuwa mimi ni daktari. Huwa naitikia tu, kwa sauti nzito kidogo, nikiwa nimevaa koti jeupe ambalo lingeweza kabisa kubaki kazini, lakini kila jioni narudi nalo nyumbani.

Ninafanya kazi katika kliniki ya meno hapa Malindi. Daktari mwenyewe, yule wa kweli, akishamaliza kung'oa, makoleo na vioo vyake vidogo huletwa chumba cha nyuma, na humo ndimo ilimo mashine yangu. Ukiitazama utasema ni sufuria ya pembe nne yenye kifuniko. Unatia maji na dawa, unatundika vyombo ndani ya kikapu chake, unabonyeza, na maji yanaanza kutetemeka kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyapati ila kama mvumo wa mbu aliye chumba cha pili. Vipovu visivyoonekana vinazaliwa na kupasuka, na kila kimoja kinapopasuka kinabandua uchafu, hata kwenye upenyo ambao brashi haifiki. Nikitaja jina lake, altrasaundi, akina mama huniuliza kama inaonyesha mtoto. Basi naeleza. Naeleza kwa kirefu. Emily wa mapokezi ana mtindo wa kujifanya simu imelia kila ninapoanza.

Masharti ya ile mashine nayajua kwa moyo. Maji ya bomba letu yana chumvi, hayafai. Natia yale safi wanayouza kwa ajili ya betri za magari. Maji mapya hayatiwi vyombo papo hapo, kwanza unayaendesha matupu mpaka hewa iliyomo itoke. Chombo hakilazwi chini kwenye sakafu ya beseni, maana kitaikwaruza na kuiua. Kila Jumatatu natumbukiza kipande cha karatasi ya fedha, ile ya kufungia kuku. Kikitoka na vitundu pande zote, najua mashine ni nzima. Vipande hivyo nimevibandika ukutani kwa safu, mahali ambapo watu wengine hubandika vyeti. Vyeti sina. Na sharti la mwisho hulisema nikiwa nimeinua kidole: kabla hujatia kitu, kitazame. Chenye ufa hakitiwi, na kilichogundishwa hakitiwi kabisa, kwa kuwa maji yenyewe ni ya moto na vipovu havina huruma.

Shekha binti Shukri, wa Mambrui, alikuja kung'olewa jino. Siku hiyo watu walikuwa wengi. Alichomwa sindano ya ganzi akaambiwa angoje, na benchi la kungojea liko mkabala na mlango wangu, kwa hiyo nikamweleza mashine. Hakunikatiza hata mara moja. Maishani mwangu hakuna mwanamke aliyewahi kunisikiliza kiasi kile, na nilifika nyumbani nimeshaamua. Emily ndiye aliyenikumbusha kesho yake kuwa mdomo ule ulikuwa umekufa ganzi. Hata hivyo, wiki iliyofuata Shekha alirudi kukaguliwa kidonda, akapita mlangoni kwangu na mdomo wake mzima, akauliza kama mashine haijambo. Nikasema haijambo. Ndilo jibu fupi kuliko yote niliyopata kulitoa juu ya ile mashine, na usingizi wa usiku ule haukunijia.

Shekha alikwisha kuolewa, akaachwa, akarudi kwa baba yake. Mimi sijawahi kuoa. Nilikuwa nimeposa mara mbili na kukataliwa mara mbili, na moyoni nilijua kwamba posa hii nayo ikirudi sitaposa tena, maana nilimtaka huyu kuliko nilivyowataka wale. Kwetu mtu hajiposei. Hutuma wazee, yeye akakaa mbali na kungoja. Kwa hiyo nilikwenda kwa Ami Harith, mdogo wake marehemu baba.

Ami Harith hana mali wala cheo, ana mdomo. Hakuna posa aliyoisema yeye ikarudi, toka Malindi hadi Ngomeni. Zangu mbili za kwanza alizisema mtu mwingine, kwa sababu wakati huo Ami alikuwa amenuna nami. Akifungua kinywa, baba wa binti hukaa vizuri kwenye kiti, na akifika mwisho wenyewe hudhani kuwa wao ndio walioposa. Tatizo, kwa macho yangu, lilikuwa hayo meno yake ya juu. Ni ya bandia, na kwa tambuu alizotafuna juu yake yalikuwa na rangi ya mlango wa zamani. Mzee Shukri, baba yake Shekha, ni mtu nadhifu anayepigiwa kanzu pasi mara mbili. Nikajiambia kwamba mtu wa kliniki ya meno hawezi kusemewa posa na meno yale.

Ami alikataa. Alisema meno yale yameshaozesha nusu ya mji yakiwa vivyo hivyo. Nilimbembeleza wiki nzima, na Ijumaa asubuhi, siku yenyewe ya posa, akachoka nami akaja kliniki. Alikaa kwenye kiti changu, akayavua, akanikabidhi, akajifunika mdomo kwa leso.

Hapo ndipo ilinipasa kunyamaza na kutazama nilichopewa. Badala yake nilianza kumsomesha. Nilimweleza vipovu, nikamweleza hewa, nikamwonyesha karatasi zangu za ukutani, na nilipofika sharti la mwisho nikainua kidole na kusema kwamba kitu lazima kitazamwe kabla hakijatiwa. Nilikuwa nimemtazama yeye. Meno yalikuwa mkono wa pili, na mkono wa pili ukayatia majini.

Maji yaligeuka rangi ya chai kavu. Nilifurahi sana. Muda ulipokwisha niliongeza mwingine, kwa tamaa tu ya kuona weupe, na Ami mwenyewe akasogea kuchungulia. Kisha nikainua kikapu. Meno yalikuwa meupe, hata mimi nikashangaa, na yalikuwa vipande viwili.

Tulitazamana. Nilimuuliza kulikoni, naye kwa ishara na kwa maneno yaliyokuwa yakimtoka bila ncha akanieleza kwamba aliwahi kuyavunja kwa kokwa ya tende, mwezi wa Ramadhani, akayaunga kwa gundi ya fundi viatu na asimwambie mtu. Gundi ile ilishachoka zamani. Miaka yote ile kilichoyashika kilikuwa ni tambuu na uchafu wake, uchafu uleule niliokuwa nikiuonea haya.

Fundi wetu wa meno ya bandia hutoka Mombasa na angekuja Jumanne. Kuahirisha hakukuwezekana: Mzee Shukri alikuwa anasafiri kesho yake kwenda Umra, na alishasema waziwazi kwamba kuna watu wa Lamu wanaongoja jibu la binti huyohuyo, akirudi atawapa wao. Niliona mwanamke ananiponyoka kwa sababu ya kifaa cha kuoshea makoleo. Nikabuni uongo. Tungesema Ami amevimba ufizi usiku, aseme machache, wamsamehe. Ami alivifunga vile vipande viwili kwenye leso akavitia mfukoni. Hakusema ndiyo wala la.

Tulifika Mambrui baada ya alasiri kwa gari la kuazima. Ami aliingia pamoja na wazee wawili wa mtaani, watu wema waliokuja kwa heshima na kwa halua, ambao hawajawahi kufungua mdomo mahali alipo Ami Harith na wasingeanza siku hiyo. Mimi nilibaki garini kama ada inavyotaka, nikitokwa na jasho ndani ya kanzu mpya. Dirisha la sebule lilikuwa wazi. Nilimsikia Ami akianza, na nilisikia jinsi maneno yalivyokuwa yakifika midomoni mwake na kumwagika. Kisha mmoja wa wale wazee akatokea mlangoni akaniita kwa mkono. Nilishuka garini nikijua mambo yameharibika, kwa sababu mwenye kuposa haitwi ndani. Haiwi hivyo, ila pakiwa na msiba.

Niliingia nikatoa salamu, nikamwamkia Mzee Shukri shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa amekunja uso. Nyuma yake palikuwa na pazia la mlango wa ndani, na chini ya pazia niliona miguu ya wanawake. Aliniambia, taratibu sana, kwamba aliahidiwa msemaji, na aliyeletewa anamung'unya. Sasa anataka kujua kama familia yetu imekuja kumcheza shere nyumbani kwake. Nikaanza habari ya ufizi. Nilikuwa nimeshafika kwenye uvimbe wa usiku aliponiuliza kama si mimi ndiye yule daktari wa meno anayesikia habari zake, na kama ndiye, mbona sikumtibu ami yangu.

Nilikuwa bado natafuta jibu wakati Ami Harith, ambaye nadhani alikuwa ameshanichoka tangu asubuhi, alipotoa leso mfukoni, akaifungua polepole, akaiweka kwenye sinia kando ya halua. Vipande viwili vikawa vinawang'alia watu wote.

"Mzee, mimi si daktari," nikasema. "Mimi ni muosha vyombo. Meno haya nimeyavunja mimi leo asubuhi, kwa sababu niliona aibu usije ukayaona. Hakuniambia yana ufa, lakini kutazama ilikuwa kazi yangu, na sikutazama. Nilikuwa nikijisifu."

Ningekomea hapo ningekuwa mtu mwenye heshima kidogo. Lakini kimya kilinitisha, na mimi nikitishika huwa naeleza. Nikaeleza kwamba gundi haivumilii maji ya moto. Nikaeleza vipovu. Nilikuwa nimefika kwenye umuhimu wa kutoa hewa katika maji mapya, mikono yangu ikionyesha jinsi hewa inavyopanda, nilipogundua kuwa hakuna mtu aliyeniuliza na kwamba Mzee Shukri ameweka chini kikombe chake. Nikashusha mikono. Nilijiona mpumbavu wa kupindukia, na nilihuzunika, kwa sababu nilijua nimempoteza.

Ndipo kicheko kikatoka nyuma ya pazia. Hakikuwa kicheko cha kufichwa kwa mkono. Kilianza kidogo, kikajizuia, kikashindwa, kikajaa chumba.

Mzee wa kwanza wa mtaani, ambaye sijui alipata wapi ujasiri, akasema alhamdulillahi, binti ameridhia. Mzee Shukri akasema la. Mwanamwali hunyamaza, na kimya chake ni ridhaa. Lakini huyu amekwisha kuolewa, na aliyekwisha kuolewa lazima atamke kwa ulimi wake. Kucheka si kutamka. Mzee wa pili akauliza kama kucheka si zaidi ya kunyamaza. Ami Harith naye akaingia kwa hoja ndefu, kidole kikipiga goti, na kwa namna alivyokuwa akitikisa kichwa ilionekana ni hoja nzito yenye kutaja vitabu, ila hakuna aliyeambulia neno. Walibishana hivyo mpaka kahawa ikapoa. Mimi nilisimama katikati, hakuna aliyeniambia nikae wala nitoke.

Mwisho Mzee Shukri akainua mkono wakatulia. Akageukia pazia.

"Shekha, umesikia yote. Huyu si daktari. Anaosha vyombo, amemvunjia ami yake meno, na alikuja humu kunidanganya. Na wa Lamu wapo, mwanangu, watu wa maana. Wasemaje?"

Miguu chini ya pazia ilisogea. Nilitazama sakafu. Kicheko kilikuwa kimekwisha sautini mwake, na alipojibu alijibu polepole, ili lisipotee neno hata moja.

"Baba, mume wangu wa kwanza, kwa kauli yake, hakuwahi kukosea hata siku moja. Huyu nimemridhia."