Viti vya Wafiwa

Kikao kilianza saa tatu, na kufikia saa nne kilikuwa kimeafikiana jambo moja tu: mshumaa. Kesho kutwa ilikuwa siku ya kuwakumbuka wachimbaji thelathini na wanane waliofukiwa mgodini miaka kumi iliyopita. Ofisi ya utalii, ambayo hupeleka wageni kuutazama mgodi huo, ilitaka nayo ionekane ikihuzunika. Kilichobaki kilikuwa kuamua nembo ya ofisi ikae wapi kwenye picha ya mshumaa: chini yake au ndani ya moto.

"Ndani ya moto itaungua," alisema dereva wa basi la wageni.

Meneja akaliandika hilo.

"Na wewe mwandishi, tupatie mistari minne ya huzuni. Huzuni iwepo, ila isimkatishe mtu hamu ya kuja. Basi litaondoka saa nne kama kawaida."

Mwandishi wa matangazo alikuwa binti aliyeweza kulisifia hata dimbwi la maji machafu likatamanika. Lakini mume wa shangazi yake, mtu aliyemlea, alikuwa miongoni mwa wale thelathini na wanane. Mwaka jana mgeni mmoja alimwomba shangazi arudie kuweka maua, maana picha ya kwanza ilitoka na ukungu. Shangazi ni mtu wa adabu, akarudia. Tangu hapo akaapa hakanyagi tena mgodini.

"Bosi, wafiwa wameulizwa wanataka nini?"

Meneja alitazama ajenda. Swali hilo halikuwemo.

"Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia," alisema binti. "Sisi tumeshaingia na mshumaa tumewasha. Mfiwa hana habari."

"Haya, kaulize. Kabla ya saa nane. Mchapaji anasubiri."

Shangazi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho.

"Ofisi yenu inataka kutusaidia kulia?"

"Inataka kujua mnataka nini, shangazi."

"Makubwa! Basi lao lisije. Majina tutayasoma wenyewe. Halafu walete viti."

"Viti?"

"Viti, mwanangu. Majina thelathini na nane, kila jina na dua yake. Miaka yote tunasimama. Magoti yangu yamechoka kuliko moyo. Mshumaa tunao."

Meneja aliyapokea majibu hayo kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ambebe.

"Basi lisiende? Wageni kumi na wanne wameshajiandikisha!"

"Mimi siendeshi," alisema dereva.

"Unaumwa?"

"Hapana. Kaka yangu ni jina la kumi na tisa. Kila mwaka naegesha basi, nafungua boneti, najifanya nakagua injini."

"Hujawahi kusema."

"Hujawahi kuuliza, bosi."

Meneja akachukua kalamu, akaufuta mshumaa, nembo na yote.

Viti vilikuwepo ghalani, arobaini, vya plastiki. Hakuna aliyekumbuka mgongoni viliandikwa nini hadi viliposhushwa langoni mwa mgodi asubuhi ya siku yenyewe: CHEKA, UKO LIKIZO! Kwa rangi nyekundu, vyote.

"Tumekwisha," alisema Meneja. Akavua koti, akaanza kuvipanga mstari mmoja kando ya ukuta, migongo ikigusa matofali. Kisha akaenda kusimama barabarani kuwarudisha wageni. Kwenye mlango wa ofisi palibaki mistari miwili ya mwandishi, si minne: *Leo mgodi umefungwa kwa wageni. Wenyewe wako na watu wao.*

Shangazi alifika wa mwisho, na maua yake. Alichungulia nyuma ya kiti, akasoma taratibu. Binti akaziba uso kwa viganja.

"Marehemu angecheka kweli," alisema shangazi, akakaa.

Majina yakaanza kusomwa. Walipofika la kumi na tisa, dereva akasimama peke yake.